Karel Styblo: daktari aliyeuliza wangapi wamepona

Mtu wa Ikolo akikohoa wiki mbili mfululizo na kwenda kituo cha afya, huombwa makohozi yapimwe. Akikutwa na kifua kikuu, jina lake huandikwa kwenye rejista, hupewa namba, hujaziwa kadi ya matibabu na huanzishiwa dawa bila malipo. Akihamia wilaya nyingine kulima au kuvua, karatasi ya uhamisho humfuata. Asipoonekana kliniki, hutafutwa. Muda wa dawa ukiisha, mstari wake kwenye rejista hauachwi wazi. Ni lazima iandikwe kilichompata.

Utaratibu huu tumeuzoea kiasi cha kudhani ulikuwepo siku zote. Sivyo. Ulibuniwa, na ulijaribiwa kwanza nchi nzima hapa kwetu Tanzania, kuanzia mwaka 1977. Kutoka hapa ukasambaa duniani. Mtu aliyekuwa nyuma ya kazi hiyo alikuwa daktari kutoka Ulaya ya kati, Karel Styblo. Makala hii inaeleza maisha yake, na namna alivyoipanga huduma ya afya kama fundi anavyopanga mtambo wenye sehemu nyingi zinazotegemeana.

Kijana aliyeugua kambini

Styblo alizaliwa tarehe 26 Novemba 1921 katika kijiji cha Vilémov, nchi iliyoitwa Chekoslovakia. Alipokuwa kijana, Wajerumani wa Hitler waliikalia nchi yao. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifungwa katika kambi ya Mauthausen, huko Austria. Wafungwa wa kambi hiyo walifanyishwa kazi ngumu, walilishwa kidogo na walilala wakiwa wamebanana. Hali kama hiyo ndiyo kifua kikuu hukipenda. Styblo aliambukizwa, akaugua, na akanusurika.

Baada ya vita akawa daktari, na ugonjwa uliokaribia kumuua ndio akaufanya kazi ya maisha yake.

Utafiti wa Kolín

Miaka ile madaktari wa Ulaya waliamini kwamba njia bora ya kuwapata wagonjwa ni kuwapiga watu wote picha ya kifua. Magari yenye mashine za eksirei yalizunguka mijini na vijijini. Ilikuwa kazi kubwa na ya gharama, na ilionekana ya kisasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Styblo na wenzake walifanya utafiti katika wilaya ya Kolín, yenye watu kama 100,000. Karibu watu wazima wote walipigwa picha, na baada ya miaka kadhaa wakapigwa tena. Katikati ya zoezi moja na jingine, watafiti walihesabu kila mgonjwa mpya na kuandika alivyopatikana.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Wagonjwa wengi wa hatari, wale ambao vijidudu vyao vinaonekana kwenye makohozi kwa darubini, hawakupatikana na magari ya eksirei. Waliugua katikati ya zoezi moja na jingine. Walikohoa, wakakonda, wakatoka jasho usiku, kisha wakaenda wenyewe kwa daktari. Kilichohitajika zaidi kuliko gari la picha ni daktari, mahali popote pale, anayejua kwamba mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu apimwe makohozi.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza alilojifunza: kabla ya kununua mashine, fuatilia mgonjwa anapita wapi.

Huduma mbovu huzidisha ugonjwa

Baadaye Styblo alihamia Uholanzi, akafanya kazi The Hague katika kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1966. Huko alitumia takwimu za miaka mingi kupiga hesabu ya namna ugonjwa unavyosambaa. Alikadiria kwamba mgonjwa mmoja mwenye vijidudu kwenye makohozi, asipotibiwa, huambukiza watu kama 10 kwa mwaka.

Hesabu hizo zilimwonyesha jambo la kutisha. Zamani, kabla ya dawa, karibu nusu ya wagonjwa wa aina hiyo walikufa ndani ya miaka mitano. Dawa zilipokuja, mgonjwa aliyemeza kwa mwezi mmoja au miwili alipata nafuu, akanenepa, akarudi shambani. Lakini kama aliacha dawa kabla ya muda, hakupona wala hakufa. Aliendelea kuishi na kukohoa kati ya watoto wake na majirani, pengine kwa miaka, na vijidudu vyake vikaanza kuzizoea dawa.

Kwa hiyo huduma inayowaanzishia watu dawa bila kuwamalizisha inaweza kuuongeza ugonjwa katika jamii badala ya kuupunguza. Tangu hapo Styblo aliweka kuponya mbele, na kutafuta wagonjwa zaidi nyuma yake. Kama huwezi kuwaponya ulionao, alisisitiza, usikimbilie kuongeza wengine.

Tanzania, mwaka 1977

Mwaka 1977 Wizara ya Afya ya Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Styblo alikuwa mshauri wake mkuu kupitia umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu wenye makao yake Paris. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1991 alikuwa mkurugenzi wa sayansi wa umoja huo. Mashirika ya Ulaya na serikali kadhaa wafadhili zilichangia fedha, dawa na magari.

Tanzania ilikuwa nchi maskini yenye madaktari wachache. Hata hivyo ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingi hazikuwa nacho. Baada ya Azimio la Arusha, serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa wingi. Styblo alikataa kujenga hospitali za kifua kikuu pembeni ya mtandao huo. Badala yake, huduma iliwekwa ndani ya zahanati zilizopo, mikononi mwa waganga wasaidizi na wauguzi waliopo.

Kilichoongezwa ni uti wa mgongo mwembamba. Kila wilaya ilipata mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na kila mkoa mratibu wake. Juu yao kulikuwa na ofisi ndogo wizarani. Dk. H. J. Chum, Mtanzania, ndiye aliyekuwa kiongozi wa mpango katika miaka hiyo ya ujenzi. Waratibu ndio waliobeba mzigo. Wengi walitumia pikipiki, wakipita njia za vumbi na matope kutoka zahanati moja hadi nyingine.

Mnyororo wa huduma

Styblo hakuwa mhandisi, lakini alifikiri kama wanavyofikiri wahandisi wa mifumo. Hawa ni watu wanaopanga kazi zenye hatua nyingi, kama reli au gridi ya umeme. Hawaangalii kifaa kimoja kimoja. Huuliza kitu kinaingia wapi, kinapita kwa nani, kinapotelea wapi, na taarifa ya kupotea kwake inamfikia nani.

Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, mnyororo ulikuwa hivi. Mtu anayekohoa anafika zahanati. Makohozi yake yanakwenda penye darubini, na matokeo yanaandikwa kwenye daftari la maabara. Akikutwa na ugonjwa, anaingizwa kwenye rejista ya wilaya na kupewa kadi. Miezi ya kwanza anameza dawa mbele ya mhudumu, kisha anaendelea nazo kwa utaratibu uliopangwa. Makohozi yanapimwa tena katikati ya matibabu na mwishoni, ili kupona kuthibitishwe kwa darubini, si kwa macho.

Kila pingu ya mnyororo huo ilikuwa na mahali pake pa kukatika, na kila mahali pakawekewa kinga. Daftari la maabara lilipolinganishwa na rejista ya wilaya, ilionekana mara moja nani alikutwa na ugonjwa lakini hakuanza dawa. Slaidi ziliweza kusomwa upya na mtu mwingine ili kukagua kazi ya maabara.

Dawa nazo hazikuagizwa kwa kukisia. Mratibu alihesabu wagonjwa walioandikishwa katika miezi mitatu iliyopita, na hesabu hiyo ndiyo iliyotoa oda ya miezi mitatu inayofuata, pamoja na akiba. Sisi wa Kyela tunaelewa haraka maana ya akiba. Mvua za masika zinapojaza Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na barabara zikakatika, mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri maji yapungue. Wiki chache bila dawa zinaweza kuharibu kazi ya miezi.

Hesabu isiyoacha mtu

Kiini cha kazi yote kilikuwa ripoti ya karatasi moja.

Tuseme wilaya imeandikisha wagonjwa 40 kuanzia Januari hadi Machi. Mwaka unaofuata, mratibu anafungua ukurasa huohuo wa rejista na kueleza habari za wote 40. Tuseme 31 wamepona na makohozi yao yamethibitisha. Wawili wamemaliza dawa lakini hawakupimwa mwishoni. Watatu wamefariki. Mmoja dawa hazikumfaa. Wawili wameacha dawa. Mmoja amehamia wilaya nyingine. Ukijumlisha unapata 40. Kama unapata 37, kuna watu watatu ambao huduma haijui waliko, na mratibu anatakiwa kuwatafuta kabla ya kufunga ripoti.

Njia hii ilibadilisha swali. Zamani taarifa za afya zilieleza wamekuja wagonjwa wangapi na vimetumika vidonge vingapi. Takwimu hizo zinaweza kupendeza hata kama watu wanaendelea kufa. Styblo alitaka kujua kuhusu kila aliyeingia mlangoni, ametokaje.

Tena, ripoti haikuwa ya kupeleka juu tu. Mratibu aliyeona watu wengi wameacha dawa katika zahanati moja alijua wiki ijayo pikipiki yake ielekee wapi. Styblo mwenyewe alirudi Tanzania mara kwa mara, akatembelea mikoa, akakaa na waratibu na kusoma rejista mstari kwa mstari.

Dawa ghali iliyogeuka nafuu

Hesabu hizo zilianza kwa kutoa habari mbaya. Katika miaka ya kwanza mpango ulitumia dawa za bei nafuu, zinazomezwa kwa miezi 12. Wagonjwa wengi mno walipotea njiani. Mtu anayejisikia mzima mwezi wa tatu hakuona sababu ya kurudi kliniki hadi mwezi wa kumi na mbili, hasa mpunga unapoiva.

Kulikuwa na dawa yenye nguvu zaidi, rifampisini, iliyoweza kufupisha matibabu. Lakini ilikuwa ghali, na wataalamu wengi waliona nchi maskini haziiwezi. Wengine waliogopa kwamba ikigawiwa ovyo, vijidudu vitaizoea na dunia itaipoteza.

Styblo alijibu hoja zote mbili kwa mpangilio. Tiba mpya ya miezi minane ilianza kutumika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miezi miwili ya kwanza, yenye rifampisini, mgonjwa alilazwa na kumezeshwa dawa kila siku mbele ya muuguzi. Miezi sita iliyobaki alitumia dawa za kawaida nyumbani. Hivyo dawa ghali ilitumika muda mfupi tu, na kila kidonge kilijulikana kimekwenda wapi. Idadi ya waliopona ikakaribia 8 kati ya kila wagonjwa 10.

Wachumi walipopiga hesabu ya mipango ya Tanzania, Malawi na Msumbiji, waligundua kwamba tiba ghali ndiyo iliyokuwa rahisi. Ukigawa gharama kwa idadi ya watu waliopona kweli, badala ya idadi ya vidonge, dawa inayoponya haraka hushinda. Mwaka 1993 Benki ya Dunia iliitaja tiba hiyo miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kuliko zote kwa fedha kidogo.

Dunia yaja kujifunza

Utaratibu wa Tanzania ulivuka mipaka. Malawi ilianza mpango wa aina hiyo mwaka 1984, hata rejista za ng'ambo ya Songwe zikafanana na za huku. Msumbiji ikafuata, ikiwa vitani. Nikaragua nayo iliuendesha katikati ya vita vyake vya miaka ya 1980. Baadaye China iliutumia kwa sehemu kubwa ya nchi.

Kisa kimoja kinaeleza zaidi ya takwimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jiji tajiri la New York lilipigwa na mlipuko wa kifua kikuu. Mwaka 1992 liliandikisha wagonjwa 3,811. Daktari kijana, Thomas Frieden, ambaye baadaye aliongoza kituo cha taifa cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Mwenyewe amesimulia kwamba alimweleza Styblo mipango na takwimu zake nyingi. Styblo alimsikiliza, kisha akamuuliza kati ya wagonjwa hao 3,811 amewaponya wangapi. Frieden hakuwa na jibu, akaona aibu. Alirudi kazini akaanza kuhesabu kama mratibu wa wilaya ya Tanzania anavyohesabu, na mlipuko ule ukadhibitiwa.

Mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka malengo yaliyotokana na kazi hiyo: kugundua wagonjwa 70 kati ya 100 na kuponya 85 kati ya 100 wanaogunduliwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeufanya utaratibu huo kuwa mkakati wa dunia nzima, likaupa jina la DOTS.

Pale mfumo ulipoelemewa

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi waligunduliwa mkoani Kagera. VVU hudhoofisha kinga ya mwili, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala huamka. Tanzania iliyokuwa na wagonjwa kama 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifikia zaidi ya 60,000 miaka 20 baadaye. Styblo alikuwa ametarajia kuona ugonjwa ukishuka. Uliongezeka mbele ya macho yake, ingawa wagonjwa waliendelea kuponywa.

VVU vilifichua pia udhaifu katika mpango wenyewe. Wagonjwa wengi wenye VVU hawaonyeshi vijidudu kwa darubini, na watoto vilevile, hivyo mfumo uliowatanguliza wenye makohozi yenye vijidudu uliwaacha wengine nyuma. Dawa moja ya bei nafuu, thiasetazoni, ilionekana kuwaletea wenye VVU madhara mabaya ya ngozi, ikabidi iondolewe. Wodi zilijaa. Na kulazwa miezi miwili kulikuwa mzigo mzito kwa mama mwenye watoto wadogo au mkulima ambaye msimu haumsubiri.

Lakini kwa sababu rejista zilikuwepo, matatizo haya yalionekana na yakaweza kurekebishwa. Kuanzia mwaka 2006 wagonjwa Tanzania waliruhusiwa kuchagua kumeza dawa nyumbani wakisimamiwa na ndugu au mtu wanayemwamini. Tiba ya kawaida ikafupishwa hadi miezi sita. Mashine mpya za kupima makohozi zikaanza kugundua kile ambacho darubini haikioni.

Styblo hakuyaona mabadiliko hayo. Alifariki The Hague tarehe 13 Machi 1998, akiwa na miaka 76. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 matibabu ya kifua kikuu yaliokoa maisha ya watu milioni 49.

Swali la kubaki nalo

Kwa msikilizaji wa Ikolo, habari hii ina matumizi mawili.

La kwanza ni la afya. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni sababu ya kwenda kupimwa. Kipimo na dawa ni bure katika vituo vya serikali. Ukianza, maliza, hata ukijisikia mzima. Ukisafiri kwenda ng'ambo ya Songwe au kwingine, mwambie mhudumu kabla hujaondoka, ili mstari wako usibaki wazi.

La pili ni la huduma nyingine zote. Kamati ya maji, chama cha wakulima wa kakao, ugawaji wa mbolea ya ruzuku: kila moja husomewa ripoti kwenye mkutano wa kijiji. Tunaambiwa zimejengwa bomba ngapi na imeletwa mifuko mingapi. Tunaweza kuomba tuambiwe jambo moja zaidi. Kati ya wote walioandikishwa, wangapi wamepata walichoandikishiwa, na wale ambao hawakupata wako wapi? Jumla ya majibu ilingane na idadi ya majina. Isipolingana, daftari lifunguliwe tena.